Barua za matajiri wa ngozi za manyoya: uanze na Hargrave, Chouteau au Crooks?

Nikisema nasoma barua za wafanyabiashara wa ngozi za manyoya wa Amerika Kaskazini, watu huniuliza mambo mawili. La kwanza ni "za nini?" Hilo nimelizoea. La pili ndilo lililonikalisha kuandika haya: mtu akitaka kuzisoma naye, aanzie wapi? Barua zenyewe ni nyingi hadi zinatisha. Tajiri alikaa London, New York au St. Louis, mali yake iko mikononi mwa makarani walio mbali naye mwendo wa miezi, na baina yao hapana kingine ila karatasi. Bei, madeni, ugomvi, posa na tanzia, vyote vilipita humo.

Nimeweka mezani mikusanyo mitatu ya karne ya 19. Kuna ya James Hargrave na mkewe Letitia, kwenye Ghuba ya Hudson. Kuna ya Pierre Chouteau Mdogo wa St. Louis, na kuna ya Ramsay Crooks wa New York. Kipimo changu ni kimoja: je, barua za nyumbani na za dukani zimesalia pamoja, kiasi cha moja kuweza kuisuta nyingine? Barua ya dukani iliandikwa na mtu aliyejua kwamba itanakiliwa daftarini na kusomwa na wakubwa wake, kwa hiyo hunyamazia mengi. Ya nyumbani nayo hunyamazia mengine. Ukizisoma zote mbili, walau unajua kila mmoja kanyamaza wapi.

Kwanza, mali kauli

Usipoijua biashara ilivyokwenda, kurasa ishirini za mwanzo zitakuchosha. Kwa lugha ya pwani yetu, ilikuwa mali kauli. Kabla ya baridi kuingia, mwenye duka alimkopesha mwindaji bunduki, baruti, mablanketi, vitambaa, sufuria na ushanga. Theluji ikiyeyuka, mwindaji alirudi na ngozi kulipa. Karani naye alikuwa amezichukua bidhaa hizo kwa mkopo kutoka kwa mkubwa wake, na mkubwa kutoka kwa tajiri wa mjini, na tajiri kutoka kwa wauzaji wa London. Mnyororo mzima ulining'inia kwenye deni. (Na ushanga mwingi ulitoka Venice, kama ule uliobebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Mafundi wale wale wa vioo, wateja wa pande mbili za dunia.)

Mnyama aliyebeba yote haya ni biva, mgugunaji wa majini anayeangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa. Chini ya manyoya yake marefu mna sufu laini, na sufu hiyo ndiyo iliyotengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya. Hudson's Bay Company, kampuni ya Waingereza ya ngozi za manyoya, ilifanya ngozi moja safi ya biva mzima kuwa kipimo cha kila kitu, hata bunduki na blanketi vilitajwa kwa bei ya ngozi. Halafu, kwenye miaka ya 1830, kofia za hariri zikashika mitindo, na biva akashuka thamani. Barua zote ninazolinganisha hapa zimeandikwa zaidi katika kivuli cha mshuko huo. Ndiyo maana zina wasiwasi mwingi kuliko mtu anavyotarajia kwa matajiri.

Hargrave: kalamu mbili, nyumba moja

James Hargrave alizaliwa 1798 huko Hawick, Uskoti. Aliingia North West Company mwaka 1820, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaunganishwa na Hudson's Bay Company, naye akajikuta mwajiriwa wa wapinzani wa jana. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita York Factory, mdomoni mwa mto Hayes. Jina lisikupoteze, hapakuwa kiwanda. Lilikuwa ghala kuu na bandari ambapo bidhaa kutoka Uingereza zilipakuliwa na ngozi kupakiwa. Meli ilikuja kiangazi na kuondoka kabla barafu haijaifunga ghuba.

Kwa sababu York Factory ilikuwa mlango wa nchi nzima, Hargrave alijuana na kila mtu. Barua zake zilizochapishwa na Champlain Society mwaka 1938, za kuanzia 1821 hadi 1843, nyingi ni zile alizopokea kutoka kwa wenzake waliotawanyika kwenye vituo vya mbali. Humo mna ankara na malalamiko ya bidhaa mbovu, lakini mna pia umbea wa wanaume wapweke: nani kapandishwa cheo, nani kanyimwa, nani kaoa, nani kamwacha mke.

Hapo pa kuacha mke pana uzito wake. Kwa muda mrefu watu wa kampuni walioa wanawake wenyeji wa Kikrii au Kiojibwe, au machotara, kwa desturi ya nchi, pasipo kasisi. Mwaka 1830 gavana George Simpson alirudi kutoka Uingereza na bibi harusi, binamu yake Frances, naye John George McTavish, mkubwa mwenzake, akaja na mke wake mpya wa Kiskoti. McTavish alikuwa ameishi miaka mingi na Nancy McKenzie na kuzaa naye. Nancy akaozwa mwajiriwa mwingine wa kampuni, Pierre Leblanc. Wenzao wengine walikasirika kwelikweli, na hasira hiyo imo katika barua za zama hizo. Kwenye madaftari ya hesabu, mwaka 1830 ni mwaka kama miaka mingine.

Sasa njoo kwenye kalamu ya pili. Tarehe 8 Januari 1840 Hargrave alimwoa Letitia Mactavish huko Uskoti. Huyu ni mpwa wa McTavish yule yule. Agosti mwaka huo alishuka York Factory, na kwa miaka kumi iliyofuata aliwaandikia mama yake, baba yake na dada zake. Barua hizo zilichapishwa na jumuiya ile ile mwaka 1947.

Usisome barua moja moja tu, tazama jinsi zilivyoandikwa. Meli ni moja kwa mwaka. Ukiuliza swali Septemba meli inapong'oa nanga, jibu lake unalitarajia Agosti ijayo, isipokuwa kuwe na mfuko wa barua wa majira ya baridi uliovutwa na mbwa kupitia nchi kavu. Kwa hiyo Letitia anaandika kidogo leo, anaacha, anarudi baada ya siku kadhaa, anaongeza. Kitambaa cha nguo, mtoto anaota meno, mbu, chakula, piano, nani kamkosea nani mezani. Sisi tuliolelewa na barua za "hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu" tunaijua sauti hiyo: mtu anaandika kana kwamba anaongea, huku anajua kwamba habari atakazozipata ni za mwaka jana. Akiulizia mgonjwa, huenda anamuulizia marehemu.

Letitia ana macho makali na ulimi mkali. Ana dharau pia, nakutahadharisha mapema. Anavyowasema Wakrii na wake machotara wa wakubwa wa kampuni ni maneno ya binti wa tabaka lake, na kuna kurasa zitakazokukera. Mimi siziruki kurasa hizo. Ni yeye anayetuonyesha, bila kukusudia, jinsi wanawake walioiendesha nchi ile kwa vizazi, kwa kutafsiri, kushona viatu na kutengeneza ngozi, walivyoanza kusukumwa nje ya sebule mara wake wa Kizungu walipofika.

Mwaka 1851 familia ilihamia Sault Ste. Marie, na Letitia akafa huko kwa kipindupindu mwaka 1854. James aliishi hadi 1865.

Upungufu? Hargrave hakuwa tajiri mwenye mali yake. Alikuwa karani, kisha mkubwa mwenye sehemu ya faida. Maamuzi makubwa ya fedha yalifanywa London, na barua zake zitakuonyesha amri ikifika, siyo ikizaliwa. Ukitaka kuona ikizaliwa, nyaraka za kampuni yenyewe ziko Winnipeg, zilikohamishiwa kutoka London mwaka 1974. Lakini huko ni bahari, usiende bila kujua unachovua.

Chouteau: ambapo ukoo ndio kampuni

Pierre Chouteau Mdogo alizaliwa St. Louis mwaka 1789, katika ukoo wa Kifaransa ulioujenga mji huo. Kwa Hargrave unapata nyumba ndani ya kampuni. Kwa Chouteau mambo ni kinyume, kampuni imo ndani ya nyumba. Washirika wake ni mashemeji, wakwe na mabinamu, na barua moja inaweza kuanza na bei za ngozi, ikapita kwenye homa ya mtoto, ikaishia na hawala ya fedha.

Nikupe mfano uliowahi kunipotezea jioni nzima. Mke wa Pierre anaitwa Emilie, wa ukoo wa Gratiot. Binti yao anaitwa Emilie. Mshirika wake mkubwa, Bernard Pratte, mkewe anaitwa Emilie, wa ukoo wa Labbadie. Binti yao naye ni Emilie, na ndiye aliyeolewa mwaka 1825 na Ramsay Crooks, yule wa mkusanyo wetu wa tatu. Barua ikisema "Emilie hajambo," kazi unayo. Chukua karatasi kubwa, uchore ukoo kabla hujasoma hata barua moja, kisha uutundike ukutani.

Ukishauchora utaona ndoa zilivyofanya kazi ya mkataba. Crooks kwa kumwoa binti Pratte alikuwa ndugu wa nyumba, kwa hiyo New York na St. Louis zilizungumza kama watu wa familia moja hata zilipogombana. Na mume wa binti Chouteau ni John F. A. Sanford, yule ambaye jina lake, likiwa limekosewa tahajia, limo kwenye kesi ya Dred Scott iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1857, kesi iliyosema mtu mweusi hana uraia wa nchi hiyo. Wengi wanaijua kesi. Wachache wanajua kwamba mdaiwa alikuwa mkwe wa tajiri wa ngozi.

Kibiashara, Chouteau ndiye aliyeusoma upepo. Mwaka 1831 stima ya kampuni, Yellow Stone, ilipanda mto Missouri, na mwaka uliofuata ikafika Fort Union, kituo cha mbali cha biashara. Hesabu yake ni rahisi: biva anashuka, lakini ngozi za baisani, yaani nyati wa Amerika, zile pana za kujifunika, zinapanda. Ngozi hizo ni nzito, mtumbwi hauzibebi kwa faida, na stima inazibeba. John Jacob Astor, mwenye American Fur Company, alipojitoa kwenye biashara mwaka 1834, kampuni ya Pratte na Chouteau ilinunua tawi la magharibi la kampuni yake.

Stima ile ile iliyoleta faida ilileta na maafa. Mwaka 1837 chombo cha kampuni, St. Peter's, kilipanda mto na ndui ndani yake. Wamandan, kabila la wenyeji waliokuwa kijijini karibu na kituo cha Fort Clark, walikaribia kuisha. Tarehe 2 Novemba mwaka huo karani Jacob Halsey, ambaye ndui ilimpata akiwa chomboni, aliwaandikia matajiri wake wa St. Louis kuwaeleza yaliyotokea Fort Union. Katika barua hiyo anasema hasara ya kampuni haitahesabika, kwa sababu wenyeji walioiletea faida kubwa zaidi ndio waliokufa.

Isome sentensi hiyo polepole. Halsey hakuwa akiandika kwa ukatili wa makusudi, alikuwa akitoa ripoti kwa namna aliyofunzwa kuitoa, na huko kufunzwa ndiko kunakotisha. Ukitaka kumwelewa mfanyabiashara wa ngozi kwa waraka mmoja, mimi ningekupa huo.

Ugumu wa Chouteau ni lugha na mahali. Barua za ndani ya ukoo ni Kifaransa, tena Kifaransa cha St. Louis kilichoandikwa kwa sikio kuliko kwa kamusi. Msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda ana nafuu hapa kuliko mimi. Nyaraka zenyewe zinatunzwa na Missouri Historical Society, St. Louis, na nyingi zimepigwa kwenye mikrofilamu, kwa hiyo maktaba kubwa ya chuo inaweza kukusaidia kuzipata.

Crooks: kwa wanaopenda hesabu

Huyu sitakaa naye sana. Ramsay Crooks, mzaliwa wa Greenock mwaka 1787, alinunua tawi la kaskazini la American Fur Company mwaka 1834, na madaftari ya barua ya ofisi yake yako New York, kwenye New-York Historical Society (siku hizi The New York Historical), kuanzia mwaka huo hadi 1847. Kwa biashara tupu, hakuna mkusanyo kati ya hii mitatu unaoufikia. Bei za mnada wa London, wanunuzi wa maonyesho ya Leipzig, bima, meli, mawakala wa Maziwa Makuu, vyote vimepangwa kwa tarehe. Kuna hata orodha iliyochapishwa yenye muhtasari wa barua moja moja, kwa hiyo unaweza kuchagua kabla ya kuomba daftari.

Humo utakuta mambo yasiyotajwa kwenye hadithi za wawindaji mashujaa. Biva alipopungua, Crooks aligeukia samaki: kampuni ilivua Ziwa Superior, ikatia chumvi na kujaza mapipa huko La Pointe. Samaki walipatikana. Walaji wenye fedha ndio waliokosekana, kwa sababu uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1837. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1842, na barua za baada ya hapo ni za kukusanya vipande.

Utaona pia mwisho wa ile mali kauli. Mwindaji asipolipa, nani analipa? Katika mkataba wa 1837, Waojibwe walipoiachia serikali ya Marekani ardhi kubwa, dola 70,000 zilitengwa kulipa madai ya wafanyabiashara. Kati ya hizo, William A. Aitkin alitajwa kupata 28,000 na Lyman M. Warren 25,000, na wote wawili walikuwa watu wa kampuni. Deni la baruti na mablanketi likalipwa kwa ardhi. Kwa mwanafunzi wa uchumi au wa sheria, tasnifu imelala hapo.

Ila nyumba huioni. Crooks alikuwa na binti, Hester, aliyezaliwa 1817 na mama Mwojibwe, akasomeshwa shule ya misheni ya Mackinac, kisha akaolewa mwaka 1834 na mmisionari William Boutwell. Ukitaka kumfuata Hester, yaache madaftari ya New York uende kwenye nyaraka za wamisionari.

Kabla hujachagua, jaribu mwandiko

Mada ikikupendeza na mwandiko ukikushinda, utaacha wiki ya pili. Marekani hadi 1845 ilitoza posta kwa idadi ya karatasi na umbali, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi. Watu wakaikunja barua yenyewe, wakaandika anwani mgongoni na kubandika nta. Wenye kubana matumizi walijaza ukurasa, wakaugeuza, wakaandika tena juu yake mistari ikikatana kama mkeka. Makarani wa Crooks walikuwa na hati nzuri ya ofisini, inasomeka. Nyumba ya Chouteau inabadilika mkono hadi mkono. Hargrave na Letitia wamekwisha kuchapwa, kwa hiyo mzigo huo wamekutua.

Kwa hiyo, kama huna Kifaransa na hujawahi kugusa nyaraka za zamani, anza na akina Hargrave, na usianze mwanzo. Chukua miaka ya 1840 hadi 1843 tu, ambapo mikusanyo yote miwili iliyochapwa inakutana, uviweke vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Soma wenzake walichomwandikia Hargrave mwaka huo, kisha soma Letitia alichomwandikia mama yake kwa meli ile ile. Unajua Kifaransa na una subira ya kuchora ukoo? Nenda kwa Chouteau moja kwa moja, ndiko kwenye utajiri mkubwa zaidi kwa maoni yangu, na ndiko ambako bado hapajachokwa. Crooks mwache awe wa pili, hata kama umesomea uhasibu. Mwenye kuanza naye huzijua bei zote za ngozi za rakuni kabla hajamjua mtu hata mmoja, na nimeona wasomaji wawili wakikwama hapo hapo, kwenye mapipa ya samaki.